Kimto cha Lesieli

Kimto, mto mdogo wa kuegemezea wajawazito, kilianza kurudi chenyewe baada ya mazishi ya Lesieli. Muuguzi Siale alikuwa amekifungia kabatini kwa ufunguo, na asubuhi akakikuta juu ya meza ya upasuaji, upande wa kulia, kimelowa na kunuka mafuta ya nazi yenye maua ya heilala. Hospitalini hatuna mafuta hayo. Kwetu Tonga hupakwa watoto wachanga, na maiti.

Lesieli alipakwa hayo. Alifia juu ya meza hiyohiyo akijifungua kwa upasuaji, na hasira yangu haijapoa mpaka leo. Ganzi ya mgongoni ni kitu chema, ila hushusha presha ghafla. Kila mtu wa kazi hiyo anajua, na kinga yake si ya ajabu: dripu, dawa ya kupandisha presha iwe tayari kwenye bomba la sindano, na kimto chini ya nyonga ya kulia, ili tumbo liegemee kushoto lisikandamize mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Basi! Lakini Daktari Paongo aliona kimto kinamharibia mkato.

"Mlazeni chali. Mimi sichinji ng'ombe mlimani," alisema, akakitupa sakafuni.

Lesieli akalalamika kichefuchefu, akasema, "Nigeuzeni, nigeuzeni jamani," hadi akanyamaza. Tukaambiwa ni mapenzi ya Mungu. Mungu naye husingiziwa mengi!

Kaka yake, Sitiveni, ndiye mtaalamu wa ganzi pekee kisiwani. Siku ile alikuwa koridoni. Kwetu kaka haingii dada yake alipovuliwa nguo. Hata utani naye ni mwiko. Alimwachia Paongo sindano, akasimama nje kwa heshima, akasikia kila neno.

Sasa kililetwa kitanda kingine, na juu yake Seini, mdogo wao wa mwisho, mtoto amekingama tumboni. Siale alikuwa ameshamwita Bibi Kalolaine, mganga wa tevolo, ndivyo tunavyoiita mizimu ya wafu.

"Bibi, mfukuze huyo tevolo upesi, mama mjamzito anaingia," Siale alinong'ona.

Bibi akafikicha majani viganjani, akanusa hewa, akashusha mikono. "Huyu ana madai. Ni wa nani humu?"

"Wangu," Sitiveni akasema kutoka koridoni.

"Basi unasimama nje kufanya nini?"

Sitiveni akasukuma mlango. Seini alipomwona akavuta shuka mpaka shingoni.

"Kaka! Toka! Watu watasema nini?"

"Waseme. Heshima hii imeshanizikia dada mmoja. Inama, nipe mgongo."

Alifungulia dripu, akachoma sindano nyembamba, akamlaza, akasukuma kimto chini ya nyonga, akaanza dawa ya kupandisha presha bila kungoja ianguke. Seini alikuwa akilia kwa aibu. Ndipo Paongo akaingia, mikono iliyooshwa ameiinua juu.

"Nani kaweka takataka hii tena?"

Akakivuta, kimto hakikutoka, akakivuta kwa mikono miwili, na harufu ya heilala ikajaa chumbani mpaka macho yakawasha, na maji yakaanza kudondoka chini ya meza ambako hapakuwa na maji, na kutoka hukohuko, nyuma ya shuka zilizoning'inia, sauti ambayo kila mmoja wetu aliijua ikasema taratibu, "Mwache," na Paongo akahisi vidole baridi vyenye mafuta vikimshika kifundo cha mguu, vikapanda gotini, vikapanda pajani, vikatulia kiunoni kama vinasubiri.

"Kata," Sitiveni alinong'ona. "Kata hivyohivyo alivyolala."

Akakata. Presha ya Seini ikashuka kidogo, ikasimama hapo, ikapanda. Mtoto wa kike akatoka akipiga kelele kama mwenye nyumba aliyeibiwa, na Seini akacheka huku machozi yakimtoka.

Paongo alipofunga uzi wa mwisho alirudi nyuma hatua moja, akaanguka. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, alijipigapiga mapaja kwa ngumi asisikie kitu. Tukamlaza chali kwenye machela. Midomo ikampauka, jasho likamtoka, akaanza kutapika.

"Nigeuzeni," akasema. "Nigeuzeni jamani."

Siale akamtazama Sitiveni. Kimto kilikuwa bado mezani, chini ya nyonga ya Seini, kimekauka kabisa.

Bibi Kalolaine alikuwa mlangoni na majani yake. "Je, sasa nimfukuze?"

Sitiveni alikuwa akimfunika dada yake miguu, mbele ya watu wote. Hakugeuka.

"Mwache kwanza, bibi," akasema. "Bado hajamaliza."