Mdomo na Katuni Isiyoeleweka

Asubuhi ile shemeji alifungua kinywa kuomba chumvi, hakikutoka kitu. Si mkwaruzo, si kikohozi. Midomo inacheza tu.

"Leo tumepumzika!" akasema dada yake, mke wa Mdomo. Alikuwa na haki ya kucheka, maana shemeji huyo akishika mlango kuaga, chai hupoa mara mbili.

Mdomo hakucheka. Kazi yake ni kuingiza sauti za Kiswahili kwenye filamu za kigeni, peke yake, kwenye chumba kilichobandikwa magodoro ukutani. Huwa jambazi, huwa bibi, huwa mbwa. Wiki hiyo wateja walikuwa wamemletea katuni ya Kijapani. Akaitazama mara nne. Treni inapita chini ya maji, saa ya ukutani ina meno, samaki kavaa suti, na msichana asiye na uso amekaa tu, hasemi neno. Kila kitu kinakonyeza kitu kingine ambacho Mdomo hajawahi kukiona. Hakuambulia hata chembe.

Sasa watu wa kazi ile wakikwama hutunga. Samaki akamfanya shemeji, kwa sauti yake, matani yake, hadi kile kicheko chake cha kama chafya. Hata yule msichana asiye na mdomo akamtilia maneno, kwa sauti ya Kidoti, binti yake wa miaka sita. Mtaa ukacheka, ukasema hatimaye katuni imeeleweka.

Kwenye kipande cha tatu samaki alizama. Kesho yake ndiyo shemeji akakauka sauti.

Mdomo akajifungia chumbani, akavaa hedifoni. Harufu ya tope la bwawa ikampanda puani.

"Shemeji," sauti ya shemeji ikanong'ona, na haikuwa ya kuigiza. "Nitoe humu. Kuna maji. Na huyu msichana ananiuliza Kidoti analala upande gani."

Mganga aliyeitwa alikuwa mama mfupi, mwenye haraka zake. Alizinusa zile hedifoni, akazirudisha mezani kwa ncha za vidole.

"Hao wa kwenye katuni walikuwa maganda matupu, baba. Jini alikuwa anapita tu humo. Wewe ukampa watu wa nyumbani kwako. Mtaje kila mmoja kwa maana yake ya kweli, atawaachia."

"Maana zenyewe sizijui!"

"Basi zijue. Kabla hajamfikia mtoto."

Mdomo akamkimbilia kinyozi wa kona, mtu anayezijua katuni hizo zote.

"Huyo samaki?" kinyozi akasema, mashine mkononi. "Ni utani wa katuni ya zamani, nayo inaikejeli nyingine. Anza na ile ya vipande mia na arobaini, kaka, utaelewa vizuri tu."

"Nina mchana huu tu!"

Kinyozi akacheka, akaendelea kunyoa.

Aliporudi, Kidoti alikuwa koridoni anamwita mama yake, na neno linatoka nusu, kisha herufi, kisha pumzi peke yake, na kwenye skrini ambayo hakuna aliyeiwasha msichana asiye na uso alikuwa ameanza kuota mdomo, mdogo, wenye pengo la jino palepale pa Kidoti, na tope linanuka nyumba nzima, na Mdomo akashika maiki kwa mikono miwili akasema, kwa sauti yake mwenyewe, ile ambayo hajawahi kuiuza kwenye filamu yoyote, "Huyu si binti yangu. Huyu ni mimi. Nichukue mimi."

"Mama!" Kidoti akalia, sauti nzima.

Mdomo alitaka kusema alhamdulillahi. Midomo ikacheza tu.

Mganga alikuwa ameshashika mkoba wake. "Jini amebadilisha mtu tu," akanong'ona. "Hajatoka."

Mkewe akazichukua hedifoni, akazivaa. Kwa mbali, chini ya maji, mumewe alikuwa anaita.

"Mke wangu. Mke wangu."

"Abee?"

"Usiitike," akasema Mdomo humohumo kwenye hedifoni. "Jini anajifunza sauti yako."