Mpira wa Baiskeli Mguuni mwa Nyakio

Msimu wa mvua ukifika, watoto wa kijiji cha Waithaka walikwenda shule miguu mitupu, viatu mkononi, maana matope mekundu ya huko hayana adabu. Wakifika kwenye lami ya Dagoretti Corner, walinawa miguu kwenye mfereji ulio mbele ya duka la Mzee Mbarak, wakavaa viatu na kujiona watu wa mjini.

Jumamosi moja ya mwaka wa 1971, Nyakio na rafiki yake Wamucii walishika njia hiyo kwenda kwenye mashindano ya mbio za kupokezana vijiti. Nyakio, msichana wa darasa la sita, ndiye aliyepewa kijiti cha mwisho. Wamucii alikuwa wa akiba.

"Mbona leo umevaa gambuti za mama yako?" Wamucii aliuliza.

"Baridi," Nyakio alijibu, akatazama kando.

Haikuwa baridi. Jana yake jioni aliteleza akichota maji, kifundo cha mguu wa kulia kikapinda na kuvimba kama andazi. Hakumwambia mtu. Aliona ni heri afe kuliko kumwachia mwingine nafasi yake. Alfajiri alichukua ukanda wa mpira wa baiskeli ambao babake alifungia mikebe ya maziwa, akauzungusha kifundoni na kuukaza. Kama mpira ule ulizuia mikebe isianguke barabarani, ungeshindwaje na mguu?

Mferejini aliweka kando raba zake za mbio, akavua gambuti huku akigeuka, lakini Wamucii alikuwa tayari anammwagia maji.

"Mbona hushtuki? Maji haya ni barafu!"

Mguu wa kulia haukusikia baridi. Haukusikia chochote. Wamucii aliinama, akaona mpira, na chini yake vidole vyenye rangi ya zambarau.

"Nyakio! Mguu wako umekufa ganzi! Twende kwa mwalimu."

"Thubutu! Najua unachotaka. Unataka nafasi yangu."

Maneno hayo yalimchoma Wamucii. Alisimama kidogo, machozi yakimlengalenga, kisha akatimka kuelekea uwanjani.

Nyakio alitaka kumfuata. Mguu ulimkataa, akaanguka. Alijaribu kufungua fundo, lakini kucha ziliteleza. Hapo hofu ikamshika kwelikweli. Mashindano hayakuwa kitu tena. Alitaka vidole vyake tu.

"La haula! Umepatwa na nini, mwanangu?" Mzee Mbarak alitoka dukani mbio, kisu cha kukatia sabuni mkononi.

Kabla hajaugusa mpira, Mwalimu Dedan alifika akihema, Wamucii nyuma yake. Alichukua kisu, akaukata mpira polepole.

"Sogeza kidole gumba."

Kidole hakikusogea.

"Jaribu tena, mama."

Kidole kikatikisika. Halafu damu ikarudi na maumivu yake, kama siafu waliotawanyika mguu mzima. Nyakio alipiga yowe.

"Lia tu," Mwalimu alisema, akishusha pumzi. "Maumivu hayo ni habari njema."

Aliuinua mguu juu ya kreti ya soda, akaweka kitambaa cha maji baridi kwenye uvimbe.

"Mkebe wa maziwa hauna damu, Nyakio. Mguu unayo. Kifundo kikiteguka, kipumzishe, kikande kwa maji baridi, uinue mguu. Ukikifunga, usikaze. Vidole vikipoa au vikibadilika rangi, legeza mara moja. Sasa twende kliniki, watazame kama mfupa ni mzima. Wahenga walisema, mficha maradhi..."

"Kifo humuumbua," Nyakio alimalizia kwa sauti ndogo.

Alimtazama Wamucii, aliyekuwa na viatu vizito vya ngozi tu. Aibu ilimjaa. Akamnyoshea raba zake.

"Nisamehe. Bila wewe sijui ningekuwaje. Kimbia nazo."

Wamucii alizivaa, akafunga kamba, akajaribu hatua.

"Zinakutosha?" Nyakio aliuliza. "Zikikubana, sema mapema!"

Mwalimu Dedan alicheka, akasema somo la leo limeeleweka.