Kiungulia Kilichoiba Sauti

Aikande alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Sokon I. Alishona sare za shule, mapazia na magauni ya kipaimara. Ukipita nje ya mlango wake ulisikia vitu viwili: cherehani na sauti. Cherehani aliinunua mjini. Sauti alikuja nayo kutoka kwao, kwenye kahawa na migomba juu ya Tengeru.

Katika kwaya ya usharika, yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo. Godbless, mwalimu wa kwaya, alikuwa akisema, "Mama Arnold akianza, sisi wengine tunafuata tu kama ng'ombe wanaorudi nyumbani."

Halafu sauti ikaanza kumsumbua. Aliamka asubuhi inakwaruza. Kooni alihisi kama punje ya mahindi imekwama. Alikohoa, haikutoka. Akiinama kuokota kitambaa, kifua kilimchoma na maji machachu yakampanda mdomoni. Hicho kilikuwa kiungulia. Alikizoea. Alilamba magadi kidogo, kikatulia, baadaye kikarudi. Hakufikiri hata mara moja kwamba kiungulia kinahusiana na sauti. Sauti ni ya koo, kiungulia ni cha tumbo. Ndivyo alivyoamini.

Kwa sauti alikuwa na dawa ya wanakwaya. Alijaza jagi maji ya moto, akakamulia ndimu, akatia tangawizi iliyopondwa, pilipili manga na siki kidogo. Alikunywa kikombe kabla ya mazoezi na kingine baada ya mazoezi. Sauti ilipozidi kukauka, akaongeza tangawizi.

Siku ya mazishi ya mzee mmoja wa kanisa, Aikande alianzisha wimbo, sauti ikakatika katikati ya mstari. Ilitoka kama mlango unaokwaruza sakafu. Watu waliinamisha vichwa. Msichana wa kwaya, Esther, akaudaka wimbo na kuumalizia. Aliudaka vizuri. Hilo ndilo lililomuuma Aikande zaidi.

Tangu siku hiyo hakwenda tena mazoezini. "Nina kazi nyingi, Mwalimu," alimwambia Godbless. Lakini kanisa lilikuwa karibu. Jioni za mazoezi, nyimbo zilimfikia dirishani. Akahamishia cherehani chumba cha nyuma. Nyimbo zikamfuata huko. Mguu wake ulikanyaga pedeli kwa mapigo ya wimbo. Mdomo ulifunguka wenyewe. Akaufunga.

Siku moja simu iliita. Alikuwa mama yake, kutoka nyumbani. Mama alikuwa mzee, na kwa kuwa hakusikia vizuri, alizungumza kwa kupiga kelele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba! Kanisa letu linapakwa rangi! Mvua zikiisha Askofu anakuja kulifungua. Na kwaya yenu imealikwa!"

"Nimesikia, mama."

"Mimi siwezi tena kushuka mjini. Magoti haya! Tangu lini sijakusikia ukiimba? Nitakaa benchi la mbele. Utaanzisha wewe, sivyo?"

Aikande alimeza mate. Ile punje ilikuwa pale pale.

"Nitaanzisha, mama."

Alikata simu, akaenda moja kwa moja jikoni kutengeneza jagi la dawa, akarudi nalo kwenye meza ya kushonea.

Hapo ndipo alipoingia jirani yake, Nancy. Huyu alikuwa muuguzi wa zahanati, na kila mtu mtaani alimwita Mama Lucky. Alikuwa amefuata gauni lake.

"Mama Arnold, hiyo sauti bado tu? Na hilo jagi ni la nini, unachemsha supu ya ndimu?"

"Ni dawa ya sauti."

Nancy alinusa jagi, akakunja uso. "Unapata kiungulia?"

"Nani hapati? Mimi nauliza sauti, wewe unaniuliza tumbo."

"Nijibu. Unakula saa ngapi usiku?"

"Tukitoka mazoezini nilikuwa napika, tunakula kama saa nne. Siku hizi namaliza kushona, nakula saa hizo hizo. Halafu nalala. Nimechoka, nifanye nini?"

Nancy aliangaza macho mezani. Palikuwa na chupa ya chai. Akalegeza kifuniko chake.

"Angalia. Hili ni tumbo lako. Humu mna tindikali ya kusagia chakula. Hiki kifuniko ni mlango ulio juu ya tumbo. Wako umelegea. Ukiwa umesimama, haimwagiki sana. Sasa unakula sahani nzima, unalala." Akailaza chupa.

Chai ikatiririka mezani.

"Wewe! Nancy! Vitambaa vya watu!"

"Umeelewa?"

"Umeniharibia meza!"

"Nitaifuta. Umeelewa?"

Aikande alibaki na kitambaa mkononi, akitazama chai inavyoenda. "Kwa hiyo inapanda mpaka kooni."

"Inapanda mpaka kooni, na pale kooni ndipo sauti inapokaa. Inaunguza usiku kucha. Asubuhi unaamka unakwaruza. Halafu wewe unachukua ndimu, siki na pilipili manga, unamwagia kwenye kidonda. Unasema dawa!"

"Kwaya nzima inakunywa hii."

"Kwa mwenye mafua sawa. Kwako wewe, jagi hili ndilo linalokunyang'anya sauti. Na huo mkanda?"

Aikande alijigusa kiunoni. Chini ya gauni alivaa mkanda wa kubana tumbo. Sare ya kwaya aliishona mwenyewe, akaibana kiuno, na bila mkanda haikufunga.

"Huu nao una kosa?"

"Ukiminya chupa katikati, chai inakwenda wapi?"

Aikande alicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Kicheko kilitoka kimekauka, akaanza kukohoa.

"Mimi naweza kukusema tu," alisema Nancy. "Kukupima ni kazi ya tabibu. Sauti ikikauka kwa wiki nyingi, koo lazima likaguliwe. Kesho twende."

Tabibu wa zahanati aliitwa Loserian, mtu mpole wa kutoka Oldonyo Sambu. Aliuliza maswali mengi. Chakula kinakwama ukimeza? Umekonda bila sababu? Umewahi kutapika damu, au kupata choo cheusi kama lami? Aikande alijibu hapana kwa yote.

"Vizuri. Ungekuwa na hata kimoja, ningekupeleka hospitali leo leo. Na sikiliza, mama. Kifua kikibana kwa nguvu, maumivu yakienda mkononi au kwenye taya, jasho likakutoka, usiseme ni kiungulia. Kimbia hospitali. Huo unaweza kuwa moyo."

Alimulika koo, akasema limevimba. Kisha akauliza, "Unatumia dawa gani nyingine?"

"Vidonge vya mgongo. Nanunua duka la dawa. Kushona kunaumiza."

"Vingi vya aina hiyo vinachubua tumbo. Tutatafuta njia nyingine ya mgongo. Na magadi?"

Aikande alimtazama Nancy. Nancy alitazama dari.

"Nalamba kidogo."

"Yanatuliza kwa muda mfupi tu, na yana chumvi inayopandisha presha. Acha."

Alimwandikia vidonge vya kupunguza tindikali. Vinamezwa asubuhi, nusu saa kabla ya kula. "Vikiisha urudi nikuone. Usinunue tena mwenyewe ukameza mwaka mzima. Na koo halitapona kwa wiki moja. Linataka miezi. Kidonge bila kubadili mazoea ni kazi bure."

Mazoea hayo ndiyo yaliyokuwa magumu. Chakula cha jioni kilihamia saa moja, ili akilala saa nne tumbo liwe limepungua. Alipakua kidogo, akala mara nyingi. Chai nzito ya rangi aliiacha. Uji akanywa bila ndimu. Maandazi, chipsi, soda na mchuzi wa nyanya nyingi navyo akaviweka pembeni. Alikula ndizi za kuchemsha, viazi vitamu, mchicha, papai. Nancy alimwambia matumbo hayafanani: "Maharage yakikukataa, yaache. Yakikukubali, kula. Jichunguze." Mkanda ulitupwa. Sare akaifumua kiuno.

Mume wake, Gerson, aliagizwa kuinua kitanda. Aliweka vipande vya mbao imara chini ya miguu ya upande wa kichwani, kiasi cha kimo cha tofali.

"Kwani mito haitoshi?" aliuliza.

"Mama Lucky anasema mito inakunja shingo na kuminya tumbo. Mwili wote uwe mteremko. Na nilale ubavu wa kushoto."

Gerson alijinyoosha kujaribu. "Mke wangu, hapa nitaserereka mpaka Kisongo!"

Hakuserereka. Lakini aliendelea kulalamika, kwa raha yake.

Kuna siku Aikande alishindwa. Kwenye sherehe ya jirani alikula chipsi na nyama ya kukaanga, akashushia soda mbili. Usiku ule kifua kiliwaka. Asubuhi sauti haikuwepo. Aliketi kitandani akalia kimya, maana hata kilio hakikuwa na sauti. Mvua zilikuwa zinaelekea mwisho. Akilini alimwona mama yake kwenye benchi la mbele, akitazama mlango ambao kwaya itaingilia.

"Umeanguka mara moja, siyo umekufa," Nancy alimwambia. "Leo saa moja, kula ugali wako na mchicha, kidogo. Basi."

Aliendelea. Ile punje kooni ikapungua. Magonjwa ya namna hii hayaondoki kwa kishindo. Asubuhi moja tu Aikande alimwita mwanawe Arnold aamke aende shule, na Arnold akasema, "Mama, mbona unapiga kelele?"

Jioni hiyo alikwenda mazoezini. Alisimama nyuma. Esther alimwona.

"Shikamoo, mama. Njoo mbele huku."

"Marahaba. Sauti ya juu kabisa sina bado, mwanangu."

"Basi wewe anza, mimi nitapanda huko juu," alisema Esther.

Siku ya kufungua kanisa walifika asubuhi. Mama yake alikuwa amepika tangu alfajiri: ndizi na nyama, mafuta yameelea juu. Harufu ile Aikande alikuwa ameitamani mwaka mzima.

"Kaa, kula. Huwezi kuimba na njaa!"

"Mama, naomba kipande cha ndizi tu. Nikijaza tumbo nikasimama kuimba, inapanda kooni."

"Mjini wamekufundisha kukataa chakula changu?"

Ilikuwa vigumu kuliko kuacha soda. Aikande alimshika mkono. "Sikatai, mama. Niwekee pembeni. Nimekuja kukuimbia. Nikila sasa, sitaweza."

Mama aliguna, akafunika sufuria.

Kanisani, Godbless aliinua mkono. Aikande alivuta pumzi, na kiuno cha sare hakikumbana. Akaanza. Sauti haikuwa ile ya zamani. Ilikuwa nzito zaidi, ina mkwaruzo mdogo pembeni. Lakini ilifika mwisho wa mstari wa kwanza, ikafika mwisho wa pili, na haikukatika. Esther akapanda juu yake, kwaya nzima ikafuata.

Kwenye benchi la mbele, mama yake alimgeukia mwanamke aliyekaa karibu. Alidhani ananong'ona. Kanisa zima lilimsikia, pamoja na Askofu:

"Huyo ni wangu!"

Watu wakacheka. Aikande naye alitaka kucheka, akalia kidogo, na akaendelea kuimba.