Chini ya Birika la Ubatizo

Mtaani wananiita Pua Chuma. Mimi ni fundi bomba, na kazi yangu ni kushika kwa mikono vitu ambavyo wengine wakivisikia tu husukuma sahani pembeni. Nimeshazibua vyoo vya soko, mitaro ya machinjio, na siku moja bomba la hoteli lililojaa panya waliovimba. Nikimaliza nanawa, nakula, nalala. Kwa hiyo nikisema jambo fulani lilinitia kinyaa, naomba mniamini.

Ilikuwa Jumamosi, jua linaelekea kuzama. Kasisi wa kanisa letu la Kianglikana, lile la zamani karibu na bandari, alinipigia simu akisema birika la ubatizo limeziba na kesho kuna ubatizo. Sikuhitaji kukumbushwa. Mmoja wa watoto wa kesho alikuwa binti yangu.

Mke wangu alikuwa ameing'ang'ania siku hiyo. Mtoto wetu wa kwanza alifariki siku ile ile aliyozaliwa, kabla hatujamchagulia jina, na tangu hapo mama watoto hakuwa na usingizi wa maana. Karibu na nyumbani kuna kanisa jipya, lina feni na viti vya kukunja, lakini hakutaka hata kulisikia. "Akibatizwa kwenye lile birika la zamani nitalala," aliniambia. "Pale tu." Mtu aliyekesha miaka mitatu humuulizi sababu. Nikachukua vifaa vyangu nikaenda.

Kasisi alinifungulia mlango na hapo hapo akaanza historia, maana alikuwa anaandaa hotuba ya maadhimisho ya kanisa. Kasisi wa kwanza aliletwa na meli, akakuta mchanga mtupu. Kuta zilijengwa kwa mawe ya ufukweni. Birika lilichongwa kwenye jiwe moja, zito kama dhambi, alisema, akajichekea mwenyewe. Kisha akanionyesha tundu lililo chini yake.

"Bomba hili haliendi kwenye mtaro," alisema kwa fahari. "Maji yaliyobarikiwa hayachanganywi na maji taka. Yanashuka moja kwa moja ardhini, chini ya ukuta wa nyuma."

"Basi maji hayo yana maisha mazuri kuliko mimi," nikamwambia.

Akaniachia ufunguo, akaenda ukumbini kwenye mazoezi ya kwaya. Aliyebaki ni bibi mfagiaji peke yake, nje, akifagia ngazi.

Ndani kulikuwa na joto lililotulia na harufu ya nta. Chumvi ya bahari ilikuwa imezila kuta mpaka chokaa inadondoka vipande vipande. Nikafunua kifuniko cha mbao.

Harufu ikanipiga.

Maziwa. Maziwa yaliyocheuliwa, yale ambayo mtoto mchanga humwagia begani mwako baada ya kunyonya. Nyumbani harufu hiyo naipenda. Hapa ilikuwa imelala miaka na miaka, imekuwa chungu na nzito, na ilinikaa ulimini utadhani nimeinywa. Juu ya maji ya kijivu kulikuwa na utando wa mafuta, na utando ule ulikuwa unapanda na kushuka… polepole… bila upepo wowote.

Nikajiambia ni hewa imekwama kwenye bomba. Nikaingiza waya wa kuzibulia. Ukashuka, ukashuka, ukagota kwenye kitu laini. Nikauzungusha. Nikauvuta.

Nywele.

Nywele za watu wazima nazijua, nimezitoa kwenye mabafu maisha yangu yote. Hizi zilikuwa nyembamba, laini, za utosini mwa kichanga, zimegandana kwa yale mafuta meupe ambayo watoto huzaliwa nayo. Zilikuja tu, haziishi, nazo zilikuwa na uvuguvugu. Niliziweka kwenye ndoo. Zikateleza zenyewe, zikajikunja, na povu dogo likavimba juu yake, likapasuka. Pwa.

Nikageuka, mimi Pua Chuma, nikatapika kwenye sakafu ya kanisa.

Ningeondoka saa ile ile. Lakini nilimwona akilini mke wangu kesho yake amembeba mtoto, kasisi anasema samahani mama, birika bovu, tusubiri mwezi ujao. Nikajipangusa mdomo. Nikavua glavu, kwa kuwa ilikuwa nene haipiti tunduni, nikaingiza kidole.

Mle ndani kulikuwa na joto.

Kitu kikakishika kidole changu.

Hakikuuma. Zilikuwa fizi. Fizi tupu, laini, na ulimi mdogo ukijikunja kwa chini. Kikaanza kunyonya. Kinanyonya, kinapumzika… kinanyonya, kinapumzika… Binti yangu hukinyonya kidole changu vivyo hivyo mama yake akichelewa kurudi.

Nilivuta, kikang'ang'ania. Nilipofanikiwa kujinasua, kidole kilitoka kimekunjamana, cheupe, kimepakwa ute unaonata. Nilikichukia kidole changu mwenyewe. Ningekuwa na shoka pale, sijui ningefanya nini.

Sasa fundi akiogopa hakimbilii maombi, anakimbilia dawa. Mkobani nilikuwa na kopo la kostiki, ule unga mweupe unaoyeyusha mafuta, nywele, hata ngozi ya mkono ukizembea. Bomba la kawaida unaliwekea vijiko vichache tu.

Nilimimina kopo zima.

Maji yakachemka. Mvuke ukanipanda puani, ukanichoma. Ssss… Kisha kimya. Kisha chini ya sakafu, mbali, kikaanza kilio.

Kimoja.

Halafu kingine. Halafu vikawa vingi, vilio vya vichanga, vile vya kwikwi, vya mtoto aliyeungua na hajui kusema wapi. Nilijiziba masikio na bado nilivisikia kwa nyayo. Vikapungua kimoja baada ya kingine, mpaka nikabaki nasikia kwaya kule ukumbini ikirudia ubeti ule ule. Maji yakashuka tunduni kwa ulaini. Birika lilikuwa limezibuka.

"Umemwaga nini humo?"

Ilikuwa sauti ya bibi mfagiaji, ya chini sana. Alikuwa amesimama nyuma yangu na ufagio wake.

"Dawa ya kuzibulia, bibi. Kulikuwa na… kulikuwa na uchafu."

Alilitazama kopo, akaitazama ndoo. Akajishikilia kwenye benchi, akakaa.

"Kasisi hajakwambia yote," alinong'ona. "Hayajui. Yule wa kwanza alikuwa hakubali kumzika mtoto ambaye hajabatizwa. Alisema hana jina, hana nafasi makaburini. Wanawake wakalia mpaka wakachoka. Wakaanza kuwaleta na kuwazika huku nyuma ya ukuta, pale linapoishia bomba. Ili wenzao wakibatizwa, na wao wapate tone."

Nilimwazia kasisi yule na meli yake na mawe yake, na kichefuchefu kikanirudia upya.

"Hayo ni ya zamani, bibi."

"Hatujaacha, mwanangu."

Nikamwambia maiti hanywi maji. Akatikisa kichwa.

"Sisi tuliwaombea tone tu. Kilichowafundisha kunywa sikijui. Sijawahi kuthubutu kuchungulia." Akaitazama tena ndoo. "Wa kwako nilimpokea mimi. Mkeo alikuja na mama yake, wamemfunga kwenye shuka la hospitali."

Mimi niliambiwa hospitali ilimaliza kila kitu, mpaka maziko. Niliweka sahihi, nikashukuru, nikapanda gari.

"Mbona hakuniambia?"

"Ungekubali?"

Nisingekubali. Ningesema ni ushirikina. Ningesema ni uchafu, neno lile lile ambalo lilikuwa bado liko mdomoni mwangu.

"Kesho anataka mkubwa apate maji ya mdogo wake," bibi alisema. "Kwa hilo tu amekuwa akihesabu siku." Akainuka, akachukua ndoo yangu na vilivyomo, akatoka nayo kuelekea nyuma ya ukuta. Sikumfuata.

Nyumbani nilikisugua kidole kwa sabuni ya kufulia na brashi ya viatu mpaka kikatoa damu. Binti yangu alikitafuta, nikamnyima, akaangua kilio. Kilio kile nilikuwa nimeshakisikia jioni ile. Nilimpa mama yake, nikatoka uani nikatapika tena, ingawa tumboni hakukuwa na kitu.

"Limezibuka?" mke wangu aliniuliza.

"Limezibuka."

Usiku ule alilala. Miaka mitatu, na usiku ule ndipo alipolala, mdomo wazi, anakoroma taratibu. Mimi nilikaa kitandani nikimsikiliza, nikijionea kinyaa kuliko choo chochote nilichowahi kukifungua.

Kila aliyekulia kanisa lile anaijua sauti ya birika. Maji yakimwagwa, chini husikika gubu… gubu… kama mtu anayemeza. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunacheka. Sikuwahi kuwatazama kina mama wakati wa sauti ile. Jumapili hiyo niliwatazama. Wengi, wazee kwa vijana, walikuwa wameinamisha vichwa upande, sikio moja chini. Nilidhani wanasali. Walikuwa wanasikiliza.

Kasisi, na kanzu yake nyeupe iliyopigwa pasi vizuri, akamwaga maji utosini mwa binti yangu mara tatu. Mtoto akapiga chafya, watu wakatabasamu. Maji yakazunguka ndani ya jiwe, yakaingia tunduni haraka, jinsi yanavyoingia kwenye bomba lililozibuliwa na fundi mzuri. Mke wangu akainama na mtoto kifuani, uso wake karibu kabisa na birika. Alikuwa ameanza kutabasamu.

Kimya.

Kisha chini yetu kitu kikakohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo, kikavu, cha koo lililoungua. Kikajaribu kumeza, kikapaliwa, kikatema. Povu la kijivu likapanda tunduni, na ndani ya harufu ya maziwa niliisikia kostiki yangu.

Mama mmoja nyuma yetu akaachia kitabu cha nyimbo kikaanguka. Mke wangu hakulia. Alitazama tunduni muda mrefu, kisha akautazama mkono wangu, kidole kilichochunika ngozi. Akausogeza mdomo wake sikioni mwangu.

"Baba watoto," alinong'ona, "ulimpa nini?"

Kasisi alikuwa ameshamwita mtoto anayefuata.