Sauti ya Kumwita Bundi

Jua lilikuwa linazama Selestine alipopanda milima ya Matogoro nyuma ya mzungu mwenye darubini shingoni. Hakuipenda safari hiyo hata kidogo. Lakini ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimeachiwa huru, maduka ya mtaani kwake Majengo, mjini Songea, yamejaa kila kitu, na yeye kapunguzwa kazini. Nyumbani mwanawe Agape alikuwa hoi kwa homa isiyosikia klorokwini, na dawa nyingine haikuwa ya bure. Kwa hiyo alikubali kumwongoza Otto, mtu aliyetoka Ujerumani kuja kutafuta bundi. Jamani! Watu wanamkimbia, yeye anamfuata mpaka mlimani!

Giza lilipoingia, Otto alimpa redio kaseti.

"Bonyeza hapa," alinong'ona. "Ndani kuna sauti ya bundi. Mwenzake akiisikia, atakuja."

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayemwita?"

"Ndiyo. Bonyeza tu."

Selestine alisita. Kwao bundi haji hivi hivi. Kuna mtu humwita usiku na kumtuma kwenye nyumba yenye mgonjwa. Akamkumbuka Agape, akaikumbuka dawa. Akabonyeza.

Huu... huu-huu...

Kimya. Kisha bondeni kitu kikajibu.

"Tena!" Otto alinong'ona kwa furaha.

Akabonyeza tena. Sauti ikasogea. Ikaja na harufu ya nywele zilizoungua. Selestine akaizima kaseti.

Huu... huu-huu...

Kaseti ilikuwa imezimwa. Sauti ilikuwa juu ya vichwa vyao.

Otto alimulika tochi. Tawi lilikuwa tupu. Kivuli kipana kilipita bila mlio wa mabawa, kikateremka kuelekea taa za Songea. Upande wa Majengo.

"Ameenda wapi?" Otto aliuliza.

Selestine alishaanza kukimbia.

Alifika nyumbani pumzi zimemwishia. Mkewe Brigita alimfungulia akicheka. Agape alikuwa ameketi, anakunywa uji! Selestine alimshika paji la uso. Lilikuwa limepoa. Alitamani kulia kwa furaha.

"Baba Agape, ungekuwepo!" Brigita alisema. "Bundi alitua kwenye bati letu, mtoto akaanza kukakamaa. Nikatupa chumvi motoni, nikamtukana matusi yote niliyofundishwa na bibi. Nikamwambia, rudi kwa aliyekutuma, ukamchukue yeye!"

"Akaondoka?"

"Palepale! Na homa ikashuka. Huyo mchawi leo atakiona cha mtema kuni."

Selestine alikaa kwenye kigoda. Angemwambiaje mkewe?

Juu ya bati kitu kilitua, taratibu.

Kwaru... kwaru...

Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani. Agape akaacha uji, akaanza kutetemeka. Brigita alinyoosha mkono kuchota chumvi. Selestine akaushika.

"Acha, Mama Agape," alinong'ona. "Safari hii hakumfuata mtoto."

"Unajuaje?"

Selestine alimfunika Agape shuka, akaenda mlangoni. Aliogopa mpaka meno yakagongana, lakini alitoka.

"Funga," alisema akiwa nje. "Na nikikuita, usifungue."

Brigita alifunga, akaegemea mlango huku akilia. Kucha juu ya bati zikanyamaza. Agape akatulia, akalala.

Haukupita muda, Brigita akaitwa. Sauti ilikuwa ya mumewe kabisa, yenye upole ule ule.

Ilitoka juu ya bati.