Nukta Niliyomwambia Mwenya Aifute

Majirani zangu wa Luanshya, mnaonijua kama mwalimu mkali wa fizikia, leo nisikilizeni. Mkitaka kunikasirikia, nikasirikieni, ila msikilize hadi mwisho.

Jumamosi ile nyumba yetu ilikuwa shwari. Mke wangu Chileshe alikuwa anasonga nshima, na binti yetu Mwenya, mwanafunzi wangu wa kidato cha mwisho, alikuwa mezani na daftari lake la majaribio. Akanieleza kwamba springi ilirefuka kwa kiasi kilekile kwa kila jiwe la mizani, hadi jiwe la tano. La sita liliivuta kupita kiasi, na mawe yalipotolewa haikurudi urefu wake wa kwanza. Kwenye grafu, nukta hiyo ya mwisho ilikaa nje ya mstari.

"Ifute, uiweke juu ya mstari," nikamwambia.

"Lakini Tata, ndivyo ilivyokuwa."

"Mtahini hakuwepo. Yeye anataka mstari ulionyooka."

Msijifanye mmeshtuka. Shuleni kwetu ndiyo ilikuwa kawaida, mstari kwanza, nukta baadaye. Mwenya alifaulu vizuri sana, nami nikatamba mtaa mzima.

Alipomaliza shule akaenda kumsaidia mjomba wake Kapembwa, mchimba visima. Kila mwezi alining'iniza mifuko ya mchanga kwenye kamba ya kumshushia mjomba shimoni, akapima imerefuka kiasi gani na kama imerudi. Septemba kamba ilirefuka mno, na haikurudi. Mwenya akaandika namba za Agosti. Alhamisi iliyofuata, Kapembwa akiwa katikati ya shimo, kamba ilikatika.

Daktari alisema hatatembea tena. Watu wakamlaumu muuza kamba, mama mjane wa sokoni, wakamsema hadi akafunga kibanda. Mimi nilijua ukweli, kwa sababu Mwenya alinivuta kando palepale hospitalini.

"Niliona, Tata. Namba haikukaa na zile nyingine, nikadhani nimepima vibaya. Nikaisawazisha kama ulivyonifundisha."

Nikamwambia anyamaze. Yaani nilimfundisha kufuta mara ya pili, mwanangu mwenyewe. Wiki tatu nilimpita yule mama njiani nikiangalia chini. Nilijichukia.

Mwishowe nikaenda kwa Kapembwa, nikamweleza yote. Alinisikiliza akiwa amelala chali, wala hakunitukana.

"Shemeji," akasema, "umewafundisha watoto wangapi hivyo?"

Nimefundisha miaka kumi na tisa.

FUNZO

Walimu wenzangu, wazazi, kila kinachovutwa kina mpaka wake, na kikishaupita hakirudi kilivyokuwa. Kipimo kinachokataa kukaa kwenye mstari ndicho kinachotuonya. Mtoto akikuletea namba mbaya ya kweli, mpokee nayo, hata kama itamkosesha alama. Mimi nilimkatalia wangu, na Kapembwa ndiye aliyeanguka.