Onja Wewe Kwanza

Jua lilikuwa linazama fundi cherehani alipotoka kwa mwenye baa na gunia la chupa tupu mgongoni.

"Chupa arobaini, Fundi? Unafungua kiwanda?" mwenye baa alimtania.

"Nafungua kiu tu."

"Haya. Ila usijaze kabla mapovu hayajakoma kabisa. Zitakupasukia usoni."

Mapovu hayo ndiyo yaliyokuwa yakimnyima raha. Bia yake ya kwanza maishani ilikuwa na siku ya kumi na mbili ndani ya ndoo nyeupe, stoo, nyuma ya chumba cha cherehani. Alichemsha kimea, akatia hopsi, yale maua machungu yanayoipa bia ladha, ndani ya kifuko alichokishona mwenyewe, akapooza, akanyunyiza hamira, akafunika. Kutoka kwenye mfuniko, mpira mwembamba uliingia kwenye chupa ya maji, ili hewa itoke na uchafu usiingie. Wiki ya kwanza maji yalichemka mapovu kama uji jikoni, ndivyo inavyotakiwa. Siku ya nane yakanyamaza.

Siku ya tisa yakaanza tena. Polepole. Blup... kimya... blup...

Fundi akatega sikio. Ilikuwa pumzi ya mtu aliyelala.

Na bia ilikuwa inapungua. Ndoo haikuvuja, sakafu ilikuwa kavu, lakini kila jioni ilishuka chini ya alama aliyoichora kwa kalamu, kwa upana wa kidole.

Nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu: yeye na mke wake, aliyemwoa miezi saba iliyopita, miaka minne baada ya kumzika wa kwanza. Majirani walishamnong'oneza kwamba kwa kina mke huyu kuna mambo. Lisemwalo lipo. Na kikulacho ki nguoni mwako; nani ajuaye hilo kuliko mshona nguo?

Hakumwuliza. Angemwuliza, labda leo tusingekuwa na la kusimulia. Badala yake alizungusha uzi mweusi kwenye mfuniko, akaufunga kwa fundo lake la kazini, dogo kama punje ya ufuta.

Jioni iliyofuata uzi ulikuwa palepale, mzima. Bia ilikuwa imeshuka kidole kingine. Fundi akainama na taa...

Fundo lilikuwa limefungwa kinyume.

Alilijua fundo lake kama mwandiko wake. Hili lilipindwa kwa mkono wa kushoto, na aliyekuwa akifunga hivyo mle ndani alikuwa mmoja tu. Marehemu.

Baridi ilimshuka mgongoni. Kisha ikaja hasira, na hasira ilikuwa rahisi zaidi kuibeba. Huyu mwanamke ananichezea, alijisemea. Amejifunza fundo la mwenzake ili anitishe.

Siku ya kumi na nne mapovu yakakoma. Walijaza chupa alasiri, mlango wazi, Fundi akishika mpira, mke akipokea chupa na kuzipanga. Ndoo ilipokaribia kuisha, mke alitoa kile kifuko cha hopsi, akakikamua, akakitazama sana.

"Kitambaa hiki umekitoa wapi?"

"Sandukuni, chini kabisa. Vipande vya zamani."

"Hii ni foronya," alinong'ona. "Ona pindo. Imedariziwa kwa mkono. Hii si kazi yako... Ni ya marehemu."

Fundi akaiona. Ilikuwa foronya aliyoilalia marehemu miezi miwili ya mwisho, ile aliyokusudia kuichoma na hakuichoma. Na sasa harufu ikampanda puani. Haikuwa ya hopsi. Ilikuwa dawa ya kuchua kifua aliyokuwa akipakwa marehemu.

"Tumwage, mume wangu. Tumwage yote sasa hivi."

Laiti angemsikia! Lakini moyo wenye shaka husikia upogo.

"Umeiweka wewe sandukuni," alisema.

"Mimi?"

"Na lile fundo ni lako. Kama mikono yako ni safi, onja wewe kwanza."

Mke alimtazama. Machozi yakamlengalenga.

"Nikikataa, utaniamini lini tena?"

Akachukua kikombe, akakinga mpira. Akanywa. Hakuonja, alikunywa mpaka chini.

Kisha akafuta midomo. Machozi yalikuwa yamekauka, upesi mno. Akamsaidia kufunga vizibo vyote, bila kukosea hata kimoja, na Fundi akaona aibu. Alikuwa amemwonea mtoto wa watu. Mwema kama huyu, na yeye kamtendea kama mwizi! Tangu alasiri mpaka giza lilipoanza kuingia alikuwa akitafuta maneno ya kumwomba radhi.

Alipoingia chumbani, alimkuta amesimama mbele ya kabati, anapekua nguo.

"Unatafuta nini, mke wangu?"

"Gauni langu la kijani," alisema bila kugeuka. "Lile la vifungo vyeupe. Umeliweka wapi?"

Fundi alilishona gauni lile kwa mikono yake. Na kwa mikono hiyohiyo alimvalisha marehemu asubuhi ya mazishi, miaka mitatu kabla hajamjua huyu.

"Nitalitafuta," alijibu.